Karanga za Kavata

Kavata alichukua ukurasa mmoja wa mateso ya mwanawe, akausokota kama pembe, akaujaza karanga.

"Shika, baba."

Mteja, mzee wa makamo mwenye koti la kaki, alipokea kwa mkono wa kushoto. Kavata akameza neno. Wengine hawakufunzwa na mama zao.

Mwanawe, Maingi, alitoka kizuizini mwaka wa tisini na mbili, mwembamba kama ufito. Kiwandani alikokuwa akifanya kazi hawakumtaka tena. Akawa anashinda chumbani hapo Dandora, akiandika yote: chumba kilichojazwa maji, kitambaa cha macho, makofi ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Kila jioni alimkabidhi mama yake alichoandika.

"Niwekee, mama. Nikimaliza, ndio nitaanza maisha."

"Zitakaa salama."

Salama wapi? Askari wakizikuta, watamrudisha kulekule. Mwenye mwana asikie: kitanzi hakiwekwi chini ya godoro. Akizichoma karatasi, moshi utaita majirani. Akizitupa jalani, waokotaji watazirudisha mtaani kukicha. Bora karanga. Ukurasa huu kwa huyu, ule kwa yule, watu wale karanga, watupe karatasi. Nani atakusanya?

Na kijana akaanza kupona! Usiku hakupiga kelele tena. Alinyoa ndevu, akaitwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni, akarudi akinuka vizuri.

Mwenye koti naye hakukosa siku.

"Utakuja kuota majani, baba, na karanga hizi," Kavata alimtania.

"Ni tamu, mama. Wacha niote."

Ijumaa alikuja mapema. Kabla ya kuagiza, alitoa mfukoni karatasi iliyonyooshwa ikanyooka, utadhani imepigwa pasi. Kavata aliujua mwandiko.

"Hizi karatasi unatoa wapi?"

"Naokota tu, baba. Si jaa liko hapo? Hata kusoma sijui."

"Pole. Unakosa mengi." Aliweka kidole kwenye mstari. "Maingi anaandika vizuri. Ila mwambie arekebishe hapa. Anasema aliyempiga alitumia mkono wa kulia."

Kisha akanyoosha wa kushoto.

"Nipe nyingine."