Kamba ya Beberu

Beberu wa Bi Kesia alikufa asubuhi, midomo yake imejaa vidonda. Bwana mifugo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vyake vyekundu kwa vumbi la siku nne.

"Mama, ugonjwa huu ni mgeni. Nataka kujua beberu amelala kwa nani na nani mwezi huu."

Bi Kesia akashusha kamba ukutani. Kijijini pale, kila aliyeazima beberu wa kupanda mbuzi wake alimrudisha na kitambaa cha nyumbani kwake kimefungwa kwenye kamba. Ndiyo shukrani yenyewe.

"Hiki cha kaniki ni cha Mzee Ngwilu. Hiki cha sare ni cha mwalimu. Chenye maua ni cha yule mkorofi wa kisimani."

"Hata yeye ulimwazima?"

"Mbuzi wake hajanitukana, baba."

Bwana mifugo akacheka kidogo, kisha akaandika. Kila nyumba iliyotajwa, mbuzi wake wangechinjwa na kufukiwa, wazima kwa wagonjwa.

Kikabaki kitambaa kimoja cheupe, kipande cha nepi ya mjukuu wa Bi Kesia. Binti yake hakuwa na maziwa ya kunyonyesha tangu ajifungue, na mtoto aliishi kwa kikombe cha maziwa ya mbuzi wao mmoja.

"Na hiki, mama?"

"Ngoja kwanza. Fundo lake gumu."

Bwana mifugo akaifunika kalamu, akangoja. Vidole vya Bi Kesia vilizunguka lile fundo, havilifungui wala haviliachii.