Nafasi ya Jemeli

Jemeli alipohama chuo, sheria ya uhamisho ilifanya kazi yake. Msichana aliyechukua nafasi yake kwenye timu ya mbio za nyika alichukua pia kitanda chake, zamu yake ya kukamua ng'ombe, na mama yake. Jemeli naye alipewa mama mwingine huko alikokwenda, mpole, asiyejua kusonga ugali wa wimbi.

Likizo ilipofika, alikwenda nyumbani kama mgeni, maana sheria iliruhusu hivyo tu. Alimkuta Cherono, mrithi wake, akisugua kwa mkaa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa.

"Karibu, dada," Cherono alisema. "Mama, tuna mgeni!"

"Mgeni gani? Si huyu aliyenivunjia vibuyu akijifunza kuvisugua?" Mama alicheka, akamkumbatia Jemeli kwa nguvu.

Jemeli alishusha pumzi. "Mama, nataka kurudi. Nitamwomba kocha anirudishie nafasi yangu."

Mama alimwachia taratibu. Akamgeukia Cherono, ambaye alikuwa ameacha kusugua na ameinamisha kichwa.

"Ukirudi, mwanangu," Mama aliuliza, "huyu watampeleka kwa nani?"