Funguo za Earl

Earl aliweka funguo za gari lake juu ya kaunta ya baa yetu mjini Toledo, kama kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, ili nimfichie mpaka pombe imtoke kichwani.

Lakini nilikuwa nimeshafukuzwa kazi ya uhudumu. Siku hiyo nilirudi kufuata viatu vyangu vya kazi tu. Siku hizi bia inatoka kwenye mabomba ya ukutani, mteja anagusisha kadi na kujimiminia.

"Dada, zichukue," alisema, ulimi mzito.

Nilipozishika, meneja akaninyang'anya. "Huna kazi hapa tena. Mwachie mteja mali yake."

"Basi zitunze wewe."

"Mimi nauza bia, silei wazee."

Akamrudishia. Kioo cha mashine ya bia kikaandika: Asante, Earl. Safari njema.

Earl akayumba hadi nje, injini ikaunguruma. Nikavitupa viatu, nikaenda kusimama mbele ya gari.