Kisigino cha Sekela

Tumpe alikuwa akimpaka binti yake mafuta mazito miguuni, ngozi ingali na unyevu wa maji ya uvuguvugu. Hakusugua, alibonyeza taratibu, kuanzia vidoleni hadi magotini. Mkaguzi wa ngozi angepita keshokutwa. Kila kipupwe huko Makete, mtoto aliyekutwa na ngozi iliyopasuka alihamishiwa bwenini mpaka baridi iishe, na wazazi hawakuruhusiwa kumtembelea.

"Mama, nang'aa kama sufuria ya harusi!"

"Ng'aa tu, mwanangu. Ila usijikune."

Mguu wa kulia ulikuwa umelainika. Wa kushoto ulibaki na ufa mwekundu kisiginoni.

"Lusajo alikaa bwenini mwaka jana," Sekela alisema. "Eti kule hata sakafu ina joto?"

"Ni kweli."

"Na maziwa wanapewa?"

Tumpe hakuzoea kumdanganya. "Wanapewa, kila asubuhi."

Sekela akauvuta mguu wa kushoto, akauficha chini ya blanketi.

"Basi huu usiupake, mama."

Tumpe alibaki na mafuta vidoleni. Angeweza kuukamata mguu ule kwa nguvu. Akafunika kopo.

"Tutaumalizia kesho," alisema.

Sekela alikuwa ameshageukia ukutani.