Shimo la Tshiamala

Shefu Ngeleka, mkuu wa mtaa, alifika na polisi wawili, akamkuta Tata Tshiamala amezama shimoni mpaka mabegani, katikati ya uwanja wake. Jikoni maharagwe yalichemka, kifuniko kikirukaruka hovyo kwa kukosa kitu cha kukigandamiza.

"Tata, unachimba nini mu lupango?"

"Mayi."

Polisi wakaangua kicheko. Hapa Kolwezi, penye migodi ya shaba, nani huchimba akitafuta maji?

Ngeleka akainama, akaokota jiwe kwenye udongo uliotoka shimoni. Lilikuwa la kijani, zito, limejaa shaba. "Mayi ya kwako iko na rangi hii?"

Tshiamala alikuwa akiutazama mkono ule ulioshika jiwe. Ndio uliomfungia mlango wakati mto Lualaba ulipopungua mpaka mawe yakaanika migongo, na bomba la mtaa likabaki kukohoa vumbi. Alikwenda kuomba kisima. Akaambiwa mashini ya kuchimba hakuna. Bilonda, mke wake, akaendelea kuteka kwenye madimbwi pamoja na nguruwe, mpaka ugonjwa wa tumbo ukamchukua.

"Toka mu shimo," alisema Ngeleka. "Juu njo kwako. Chini ni ya serikali."

"Mi sitoke! Bilonda alikufa hapa juu, serikali ilikuwa wapi?"

"Mutoeni!"

Wakamburuta kwa kwapa. Alipokuwa akiburutwa alipiga kelele mtaa mzima usikie: "Chimbeni basi, benye matumbo! Iko mbali sana. Mutachoka mbele ya kufika!"

Maneno hayo yalimchoma Ngeleka. Mchana mashini ikaja, ile ile isiyokuwapo, ikavunja ua na kuingia. Tshiamala alikaa mlangoni akila maharagwe yake. Alipoambiwa asogee, aliongeza pilipili.

Mashini ikachimba, ikapita kimo cha nyumba na paa lake. Jioni dereva akazima moto, akachungulia, akatema mate.

"Mayi, shefu! Inapanda! Mayi tu!"

Ngeleka alitukana, akalitupa jiwe chini, akaondoka na mashini yake.

"Nilikuambia asubuhi," Tshiamala akamwita kwa nyuma.

Wanawake wa mtaa walikwisha kujaa uani na bidoni zao. Wakamwachia achote wa kwanza, kwa bidoni ya marehemu. Akaliosha lile jiwe la kijani, akaingia nalo jikoni, akalirudisha juu ya kifuniko cha sufuria, pale Bilonda alipokuwa akiliweka siku zote.