Picha Inayolia

Uvumi wa Ibra wa kikao cha kahawa ulimganda Rahila: eti binti yake Rahila anayesomea mashairi na uchoraji wa Kifarsi ana mwanamme, maana kila anachochora kinalia.

Asubuhi akaingia chumbani kwa bintiye na mkasi, aikate picha iliyokuwa ukutani kabla wageni wa posa hawajafika.

Mwanamke wa pichani alikuwa na kovu la mafuta kidevuni. Rahila akajigusa kidevu, penye kovu lile lile.

Bintiye alikuwa mlangoni.

“Maandishi haya chini ya picha yanasemaje?” Rahila akamuuliza.

“Mama analia jikoni, kafungua bomba tusimsikie. Nimeandika Kifarsi usije ukajisoma.”

Mkasi ukabaki wazi mkononi.

Mama wenzangu, jiepusheni na haya: kubeba maneno ya vikao vya kahawa, kuingia na mkasi vyumbani mwa watoto, kulia mkidhani bomba linaficha.