Nyumba Mezani

Mouhamadi alikuwa anafagia ua. Tangu amwoe Zaharia hakuwahi kushika ufagio, na sasa ameinama anafagia pale pale palipokwisha kufagiwa, ilimradi asiingie ndani akakutana na macho ya mkewe.

Jana yake alasiri alikuwa ameliwa nyumba kwenye karata.

Si kwamba kuliwa kulikuwa kugeni kwake. Poka alijifunza kwa mabaharia bandarini Mahajanga, na kila Jumamosi alikaa na wenzake nyuma ya kibanda cha Anli, fundi cherehani. Dawa ya moyo alikuwa nayo. Akishinda, alijizuia kucheka mpaka afike nyumbani. Akishindwa, alipita msikitini akanawa uso, akajiambia kuwa karata za leo ni za leo tu, kesho zitageuka. Dawa hiyo ilimfaa sana siku alizoshinda. Siku nyingine alifungua mlango kwa upole wa mtu aliyekuja kuazima chumvi, na Zaharia akajua. Alimwekea chakula bila neno, akaenda kukaa kwa mama yake, nyumba ya jirani.

Mwezi ule mambo yalianza kwa raha. Mouhamadi aliwala wote mezani, akarudi na samaki mkubwa na kitambaa cha binti yao Sittou, akazungumza usiku kucha kama tajiri. Kisha karata zikamkataa. Ikaenda saa, ikaenda redio, ikaenda baiskeli. Kila alipojiambia ainuke, makalio yaligoma.

"Naweka nyumba," alisema.

Aliyekuwa anagawa ni Athoumani, seremala, Mngazija mtu mzima. Akazishusha karata. "Nyumba ipi?"

"Ile yangu ya mtaa wa Tsaramandroso."

"Ni yako, au ni kwako?"

"Kuna tofauti gani, kaka? Kimbunga kilipoiezua, nani aliyepanda juu kupigilia mabati? Gawa karata."

Anli akakohoa. Wengine wakatazama chini. Mouhamadi akaona wanamhurumia, na hilo likamzidishia hasira. Alikuwa na malkia watatu mkononi. Athoumani akafunua karata tano, zote uru.

Basi ndiyo maana ya ufagio.

Wiki nzima Mouhamadi hakuwa mtu. Mlango ukigongwa, anadhani Athoumani amekuja kuwatoa. Angewapeleka wapi mke na mtoto? Kwao ni Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, na nyumba ya baba huko aliirithi kaka yake mkubwa, kama baba naye alivyoirithi kwa babu. Huku Mahajanga ndiko alikokuwa na pake. Siku ya harusi aliingia na sanduku moja mkononi, mama mkwe akamwonyesha msumari wa kutundikia kanzu. Miaka ikapita, watu wakazoea kusema "kwa Mouhamadi", na yeye masikio yalikuwa mazima, akasikia na akaamini.

Mara mbili alitaka kumwambia mkewe. Mara zote mbili akaishia kushika ufagio.

"Baba Sittou, una nini?" aliuliza Zaharia. "Umefagia mpaka mchanga unakwisha."

"Nimechoka tu."

"Basi pumzika." Sauti yake ilikuwa tulivu, hata Mouhamadi akamwonea huruma zaidi, maskini, hajui linalomjia.

Jumamosi ilipofika alikuwa wa kwanza kibandani. Hakuwa na cha kuweka. "Mchezo mmoja tu, kaka Athoumani. Nikishinda, unirudishie nyumba. Nikishindwa, leo leo nawaambia wafunge mizigo, sitakusumbua."

"Kama hilo ndilo litakalokutuliza," alisema Athoumani, akagawa.

Mouhamadi alipata jozi mbili, tena ndogo. Alizitazama akajua kwamba amekwisha. Hakukuwa na hila tena, hakukuwa na msikiti wala maji ya kunawa, palikuwa na jozi mbili ndogo na mtu mwenye karata zake mbele yake. Akazilaza mezani, akafumba macho.

Athoumani akazitupa za kwake zikiwa zimefunikwa. "Umeshinda. Nyumba yako hiyo."

Mouhamadi alilia mbele ya wanaume bila haya. Akaapa mbele yao kwamba hatashika karata tena mpaka anaingia kaburini, akatoka mbio, watu njiani wakimpisha.

Zaharia alikuwa barazani, anapepeta mchele. Mouhamadi akapiga magoti mbele yake akamweleza yote, tangu malkia watatu hadi jozi mbili, bila kuficha. "Nisamehe, Mama Sittou. Niliipoteza nyumba, lakini nimeirudisha. Yamekwisha."

"Najua," alisema Zaharia. "Athoumani alikuja siku ya pili yake, ulipokwenda kuchota maji. Yeye Mngazija mwenzetu, anajua nyumba zetu ni za nani. Hii bibi alimpa mama, mama akanipa mimi. Haikuwa mezani hata siku moja."

Mouhamadi alimtazama, kisha akaanza kucheka huku machozi hayajakauka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki nzima amekufa kwa hofu bure. "Kumbe," alisema, "kumbe sikupoteza kitu."

Zaharia akaweka ungo chini.

"Hata Athoumani aliniuliza hivyo hivyo. Akasema, kama nyumba ni yako, basi Baba Sittou kapoteza nini? Nikamwambia, mimi."